Napata mawazo ya kumdhuru mwanangu na siyataki kabisa, je ndiyo naelekea kuchanganyikiwa?

mama_miezi4

Habari zenu wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana hii nimeiandika na kuifuta mara nne, na saa hizi ni usiku wa manane, wote wamelala.

Nina mtoto mmoja, ana miezi minne. Tulimsubiri miaka sita huyu. Kama wiki ya tatu hivi baada ya kujifungua nilikuwa jikoni na kisu mkononi, mtoto amelala kwenye kikapu chake pale pembeni, ghafla ikanijia picha kichwani mimi namchoma nacho. Picha kabisa, kama mtu kaiwasha bila kuniuliza. Nikakitupia kisu kwenye sinki nikakimbilia chumbani nikakaa sakafuni natetemeka. Tangu siku ile haijaniacha. Nikishuka naye ngazi najiona namwachia. Nikimwogesha najiona namzamisha. Na kadiri ninavyojikaza nisiwaze ndivyo yanavyokuja kwa fujo zaidi.

Sasa nimeanza kufanya vitu ambavyo hata mwenyewe naona haviko sawa. Visu vyote nimefungia kabati la juu, ufunguo anaondoka nao mume wangu asubuhi. Kuogesha namwachia mdogo wangu, nimemwambia mgongo unaniuma. Usiku naamka sijui mara ngapi kuweka mkono kifuani kwa mtoto nione kama anapumua. Halafu kuna hili ambalo linanimaliza kabisa, nakaa najikumbusha siku nzima toka asubuhi, nilimbeba saa ngapi, nilimlaza wapi, je kuna dakika ambayo siikumbuki, isije ikawa nilimfanya kitu nikasahau. Nikifika mwisho naona kama kuna sehemu nimeruka, naanza upya. Mume wangu namuuliza "mtoto yuko sawa eti?" ananiambia yuko sawa, natulia kidogo, dakika tano namuuliza tena. Anadhani ni uchovu tu, sijamwambia ukweli.

Nikirudi nyuma, nilipokuwa shule nilikuwa nafuta na kuandika upya neno moja mpaka daftari linatoboka. Na mama yangu mdogo ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, tumezoea kusema ni msafi sana.

Naomba kuuliza, huu ni ugonjwa au mimi ni mtu mbaya? Ndivyo uchizi unavyoanza? Umetoka wapi, nilikosea wapi? Unatibika? Na nikienda nikayasema haya kwa mdomo wangu mbele ya daktari, si watanichukulia mtoto? Hilo la mwisho ndilo limenifunga mdomo miezi yote hii.

nesi_zamu_ya_usiku

Pole sana mdogo wangu, na ahsante kwa kuandika, najua imekugharimu. Mimi ni muuguzi, miaka mingi nimekaa kitengo cha afya ya akili, na kina mama wanaokuja na hadithi kama yako nimewaona wengi, wote wanaanza na sentensi ile ile, "usinihukumu."

Kupitia simu siwezi kukupima, lakini nitakuambia ninachokiona. Ulichoandika kinafanana sana na OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila kutakiwa pamoja na vitendo ambavyo mtu anajikuta analazimika kuvifanya ili apate utulivu. Watu wengi wakisikia OCD wanafikiria usafi na kupanga viatu. Kumbe sehemu kubwa ya wagonjwa wanateswa na mawazo ya kutisha kama haya yako, na kwa sababu wanaona aibu wanakaa nayo miaka bila kumwambia mtu.

Sasa tofauti muhimu. Kuna ugonjwa mwingine kabisa, saikosisi ya baada ya kujifungua, huo unampata mama mmoja au wawili kati ya kila 1,000 na kwa kawaida unaanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo. Pale mama halali na wala haoni kama anahitaji usingizi, maneno yanarukaruka, anaweza kusikia sauti, au anaamini mtoto kabadilishwa, au kwamba kuna jambo lazima alifanye juu yake. Wazo la kudhuru likimjia yeye linaweza kuonekana lina maana, hata la kumwokoa mtoto. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri kesho. Wewe ni kinyume. Wazo limekuja ukatupa kisu na kukimbia, ukafungia visu vyote, ukagawa na ufunguo. Hofu hiyo hiyo inayokufanya ujione mnyama ndiyo inayoniambia wazo hili linapigana na kila unachokitaka. Lakini jijibu kwa ukweli, na umjibu daktari kwa ukweli: unasikia sauti? Kuna wakati unaona wazo hilo ni sahihi? Umewahi kuwaza kujiua? Kama kuna ndiyo hata moja hapo, mwamshe mume wako sasa hivi, muende hospitali usiku huu huu.

Kuhusu kuwa mtu mbaya. Mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wa kawaida kabisa, wasio na ugonjwa, kama huwa wanajiwa na mawazo ya ghafla ya ajabu, ya kusukuma mtu, ya kudhuru, ya matusi mahali patakatifu. Wengi wao walisema ndiyo, na mawazo yenyewe yalifanana na ya wagonjwa. Na mwaka 2008 kuna utafiti ulifanyika Kanada kwa kina mama waliotoka kujifungua, karibu nusu walikiri kujiwa na wazo wasilolitaka la kumdhuru mtoto kwa makusudi. Karibu nusu, mdogo wangu. Wamebeba watoto wao wanatabasamu na hakuna anayemwambia mwenzake.

Kwa hiyo wazo lenyewe si ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye kinachofuata. Mwingine wazo likimjia anasema "mh, kichwa hiki" anaendelea na kazi. Wewe unasema "mbona nimewaza hivi, mimi ni mtu wa namna gani," halafu unafanya kitu ili uhakikishe: unaficha, unakagua, unauliza, unajikumbusha siku nzima. Unapata nafuu ya dakika tano. Ubongo unajifunza kutokana na ile nafuu, unaona kumbe hatari ilikuwa ya kweli na kilichomwokoa mtoto ni ule ukaguzi. Kesho unadai ukaguzi mrefu zaidi. Ndiyo maana siku zinavyokwenda unazidi kubanwa.

Chanzo. Kitu kimoja hakipo. Inarithiwa kwa kiasi fulani, na hapo mama yako mdogo na lile daftari lililotoboka vimeniambia mengi, maana mara nyingi unaanza utotoni au ujanani, unapoa, halafu ujauzito au uzazi unauamsha. Kwenye ubongo kuna mzunguko unaounganisha sehemu ya mbele juu ya macho na sehemu za ndani kabisa, kazi yake ni kutuambia "hapa kuna tatizo" halafu "limekwisha." Kwa mwenye OCD ile ya pili haifiki, kengele inalia tu. Ongeza homoni zinazoshuka kwa kasi baada ya kuzaa, usingizi wa vipandevipande, na kiumbe ambacho uhai wake uko mikononi mwako saa 24. Sasa niambie hapo kosa lako liko wapi. Mimi silioni.

Nenda kwa daktari wa akili au mwanasaikolojia, wiki hii. Ukishindwa kusema, mpe simu asome hichi ulichotuandikia. Ukitumia maneno "mawazo yananijia nisiyoyataka, yananitisha, na nafanya kila kitu kuyaepuka," mtu anayeijua kazi yake ataelewa. Kuwa nayo tu si sababu ya kumtenga mtoto na mama yake, tiba unaipata huku mtoto uko naye.

dereva_wa_kurudi

Dada pole. Niliposoma pale pa kujikumbusha siku nzima na kuanza upya nikaweka simu chini kidogo, maana hayo ndiyo maisha yangu ya miaka saba.

Yangu ilikuwa gari. Nikipita kwenye shimo au tuta, gari likidunda kidogo tu, wazo linakuja kwamba nimegonga mtu. Naangalia kioo, sioni kitu, lakini je kama kaangukia mtaroni? Narudi. Nashuka naangalia mtaroni, naangalia chini ya gari, napapasa bampa kama lina unyevu. Naondoka, mbele kidogo nawaza, je wakati narudi sikumgonga mwingine? Nageuza tena. Safari ya dakika ishirini nilikuwa naimaliza kwa saa mbili. Nikifika nyumbani nasikiliza taarifa zote za habari nione kama kuna ajali iliyotajwa barabara ile. Mwisho nikauza gari, na hata hapo haikuisha, ikahamia kwenye kutembea kwa miguu, nahisi nimempiga mtu kikumbo akaangukia barabarani. Nakuambia hivi dada ili ujue kwamba kukimbia haisaidii, ukifungia visu itahamia kwenye mto, ukiondoa mito itahamia kwenye mikono yako.

Mshauri wa kwanza niliyemwona alinivalisha mpira mkononi, wazo likija nivute uniume na niseme kimoyomoyo "acha." Nilizidiwa vibaya sana. Baadaye ndiyo nikaelewa kwa nini. Kuna jaribio la mwaka 1987 la mwanasaikolojia Daniel Wegner, aliwaambia watu kwa dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, wakawa wanamfikiria dubu tu, na baada ya hapo wakamfikiria hata zaidi ya wale ambao hawakukatazwa. Jaribu wewe hapo ulipo uone. Kwa hiyo ukipata mtaalamu, muulize kabisa kabla hamjaanza, "unatibu OCD kwa njia ya kukabili hofu na kuzuia vitendo?" Akisita, tafuta mwingine, hilo nalisema kwa uchungu maana nilipoteza mwaka mzima.

Njia yenyewe iko hivi. Unaandika orodha ya vitu unavyoviogopa, unavipa alama toka 0 mpaka 10. Unaanza na cha alama 3 au 4, hakuna anayekurushia cha 10 siku ya kwanza. Unakikabili kwa makusudi, halafu, na hapa ndipo ilipo dawa yenyewe, hufanyi kile kitendo cha kukutuliza. Mimi ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye gari la rafiki yangu likiwa limeegeshwa, injini inawaka, nasema kwa sauti "huenda leo nitagonga mtu na nisijue." Naisema hivyo hivyo, bila kuongeza "lakini Mungu atanilinda" au "lakini mimi ni dereva mzuri." Moyo ulipanda mpaka nikahisi nitatapika. Mtaalamu kakaa kiti cha nyuma kanyamaza, ananiuliza tu kila baada ya muda, "hofu iko alama ngapi sasa?" Tisa. Tisa. Nane. Baada ya dakika kama arobaini nikasema nne, na hakuna nilichokuwa nimekagua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kuona hofu ikishuka yenyewe bila mimi kuiteremsha.

Wiki ya sita nilikuwa naendesha kupita mbele ya shule wanafunzi wanatoka, na kioo cha pembeni nimekatazwa kukitazama baada ya kupita. Nililia siku ile. Lakini nilifika nyumbani na sikugeuza.

Njia hii ina umri mkubwa kumbe, ilianza kuandikwa mwaka 1966 na mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, alikuwa na wagonjwa wawili ambao kila kitu kilikuwa kimeshindikana, akawaweka karibu na wanachokiogopa na kuwazuia kufanya vile vitendo vyao, wakapata nafuu kubwa. Wengi tunaoimaliza tunapata nafuu ya kweli, siyo wote, na siyo kwamba wazo haliji tena. Mimi linakuja mpaka leo. Linakuja, naliona, naendelea na safari.

kimya_kingi

Naheshimu michango lakini mi naona mnamtisha dada wa watu. Hizi ni homoni za uzazi, zitatulia zenyewe, apumzike, alale, asali. Akishaingizwa kwenye dawa za akili haachi tena maisha yake yote na mtoto ananyonya. Nina ndugu yangu alipewa vidonge vya usingizi, mpaka leo bila hivyo halali. Naongea kwa nia njema.

nesi_zamu_ya_usiku

@kimya_kingi nakuelewa na hofu yako ina msingi, kwa sababu umeona kitu kwa macho yako. Ila umechanganya dawa mbili tofauti na naomba tuzitenganishe maana watu wengi wanasoma hapa.

Vidonge kama diazepamu vinatuliza kwa saa kadhaa, na kweli mwili unavizoea haraka, na OCD havitibu. Dawa inayotumika kwa OCD ni za kundi lile lile la kutibu sonona, zinazogusa serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo, kama fluoksetini na setralini. Zile hazileti ile hamu ya kutaka kuongeza dozi kila siku. Kinachotokea ni kwamba ukiziacha ghafla unapata kizunguzungu, kichefuchefu, wengine wanahisi kama umeme unapita kichwani, kwa hiyo zinapunguzwa polepole na daktari. Kwa OCD dozi mara nyingi ni kubwa kuliko ya sonona na unahitaji wiki 8 mpaka 12 ndiyo useme imefanya kazi au imegoma. Watu wengi wanaziacha wiki ya pili, wakati ndiyo kwanza wana maumivu ya kichwa na tumbo limevurugika na utulivu hawajauona bado. Hapo ndipo jina baya linapotokea. Akipata nafuu anashauriwa aendelee angalau mwaka kabla ya kupunguza. Kuna ya zamani zaidi, klomipramini, inafanya kazi vizuri sana kwa OCD ila inakausha mdomo, inafunga choo na moyo lazima uangaliwe, ndiyo maana sasa hivi haianzwi nayo.

Kuhusu kunyonyesha, setralini ni mojawapo ya zinazochaguliwa sana kwa mama anayenyonyesha kwa sababu kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Amwambie tu daktari kwamba ananyonyesha.

Na siyo kila mtu anahitaji kidonge. Tiba aliyoieleza dereva peke yake inatosha kwa wengi, hali ikiwa nzito vinaunganishwa. Kuna utafiti naupenda sana, wa Baxter na wenzake, California, 1992. Walipiga picha ubongo wa wagonjwa wa OCD kabla na baada, kundi moja lilipewa fluoksetini, lingine tiba ya kukabili hofu bila kidonge. Waliopona kwa dawa na waliopona kwa tiba ya vitendo, wote ubongo ulionyesha badiliko la namna moja, ile sehemu ya ndani iliyokuwa inachoma nguvu kupita kiasi ilitulia. Kwa hiyo mtu asiniambie tiba ya mazungumzo ni maneno matupu.

Kusali na kupumzika afanye, mimi mwenyewe nasali. Usingizi hasa, mume au mdogo wake wampe saa nne tano mfululizo, wamletee mtoto anyonye tu arudi kulala. Na daktari amwangalie tezi ya shingo kwa kipimo cha damu, maana baada ya kuzaa huwa inavurugika kwa baadhi ya kina mama na kuleta mapigo ya moyo na wasiwasi. Lakini miezi minne imepita na inazidi, asikae kuingoja itulie.

msomaji_wa_pembeni

Naongeza dogo tu. Neno lenyewe tunalolitumia kila siku, wasiwasi, limetoka kwenye Kiarabu, asili yake ni mnong'ono, kitu kinachokunong'oneza ndani na hukukiita. Na yupo mtu wa Balkh, Afghanistan ya leo, anaitwa Abu Zayd al-Balkhi, alifariki mwaka 934, aliyaandika maradhi ya nafsi akayagawa manne, hasira, huzuni, hofu, na huu mnong'ono peke yake, akauweka kando kama ugonjwa wenye tiba yake, na mojawapo ya ushauri wake ni kwamba mgonjwa asiachwe akae peke yake na mawazo. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Nawaandikia hili hasa wale ambao OCD yao imekaa kwenye ibada, anayerudia sala moja mara ishirini kwa kuhisi amekosea, au tusi linamjia akiwa anaomba anadhani imani imemtoka. Kiongozi wako wa dini akiwa muelewa atakuambia sali mara moja na usirudie, na hapo atakuwa anakupa tiba ile ile ya kina dereva.

mume_wa_N

Mimi niko upande wa mume, nataka shemeji yangu huyu asome na amwonyeshe.

OCD ya mke wangu ni ya kuogopa uchafu na vijidudu. Nilikuwa namjibu. "Umenawa?" nimenawa. "Na kiganja cha nyuma?" nimenawa. "Uligusa kitasa?" sikugusa. Nilikuwa navua nguo mlangoni, watoto nao. Nilidhani ndiyo upendo, na ulikuwa upendo kweli, ila nilikuwa naulisha ugonjwa kwa mkono wangu. Mtaalamu alituita wote wawili akatuambia nyumba nzima imeanza kuishi kwa sheria za OCD.

Hatukuacha siku moja. Tulikubaliana yeye akiwa ametulia, siyo katikati ya hofu, kwamba akiuliza nitajibu mara moja, akirudia nitasema hivi: "Hilo ni swali la ugonjwa, silijibu, ila niko hapa na wewe." Na kweli nakaa naye, siondoki kwenda kwenye simu. Wiki za kwanza alikuwa ananikasirikia sana, mara moja alilia mlangoni nusu saa, na nilikaa pale sakafuni naye nikiwa na hamu kubwa ya kumjibu tu iishe. Sasa hivi anaweza kuuliza mara mbili kwa siku, zamani nilishindwa kuhesabu.

Kwa hiyo ule ufunguo wa kabati, kaka, usiurudishe kesho kwa ghafla. Urudi kwa mpango, pamoja na mtaalamu.

mama_miezi4

Nimerudi. Samahani nimekaa kimya siku nyingi, nilikuwa nawasoma.

Nilimwonyesha mume wangu hii simu, sikuweza kusema. Alisoma yote, akasoma na majibu, nikawa nasubiri ainuke amchukue mtoto. Aliniuliza tu, "toka wiki ya tatu umebeba hii peke yako?" Tulilia wote.

Kwa daktari nilisoma kwenye karatasi, sauti inakatika. Aliniuliza kama nasikia sauti, kama nalala, kama kuna wakati natamani kufanya, kama nimewaza kufa. Nilijibu ukweli, hapana kwa yote isipokuwa usingizi. Akaniambia jina la ugonjwa ni lile lile la nesi. Mtoto alikuwa mapajani kwangu muda wote na hakuna aliyeniambia nimpe mtu mwingine. Nimepimwa damu ya tezi, nimeanza setralini dozi ndogo, na kila wiki namwona mwanasaikolojia, na nilimuuliza lile swali la dereva, alitabasamu akasema ndiyo.

Orodha yangu ina vitu kumi na moja. Cha kwanza kilikuwa kukaa jikoni nimembeba, kisu kiko ndani ya droo imefungwa. Nilidhani ni rahisi, jasho lilinitoka. Jana nimefika cha tano, kumwogesha mwenyewe, mume yuko sebuleni, mlango umefungwa, haruhusiwi kuja. Wazo lilikuja mara tu nilipoweka mkono chini ya shingo yake. Nikasema nilivyofundishwa, "huenda," basi, nikanyamaza. Mikono inatetemeka. Yeye akapiga maji kwa miguu yakanirukia usoni, akashtuka mwenyewe, akapiga tena. Nilimwogesha mpaka maji yakaanza kupoa.

Lakini usiku ndiyo nina swali. Mume akikataa kunijibu, nahisi kama kifua kitapasuka, na baada ya nusu saa bado niko saba, haishuki kama ya dereva. Ina maana kwangu haifanyi kazi?

dereva_wa_kurudi

Dada umemwogesha! Nimesoma hiyo sehemu mara tatu.

Saba kwa nusu saa siyo kushindwa. Kuna siku yangu ilikaa nane mpaka nikasinzia nayo, na mtaalamu akaniambia siku hiyo ilihesabika vizuri tu kwa sababu sikugeuza gari, kazi yetu ni kutofanya kile kitendo, kushuka kutafuata kwa muda wake. Ila nikuulize, hiyo namba unaiangalia kila dakika? Na usiku ukiwa kimya pale, siku ya mtoto hujikumbushi kichwani? Mimi nilikuwa nafanya hivyo, kwa nje nimeacha kukagua, ndani naipita barabara nzima kona kwa kona, na hapo hofu haishuki maana bado nakagua. Mwambie mwanasaikolojia wako hilo kikao kijacho, alipangie nalo hatua yake kwenye orodha.